Nguo Inayokuvaa

Andiko: Zekaria 3:1-5

Vijana wetu wanamjua Spider-Man kuliko wanavyomjua Habakuki. Sawa, leo tuanzie kwake.

Mwaka wa 1984, katika vitabu vya katuni vya Marvel, nguo ya Peter Parker, ile nyekundu na buluu, iliraruka vitani. Alipotafuta nyingine kwenye mashine, kikatoka kijimpira cheusi kikamfunika mwili mzima. Nguo safi kabisa! Akiwaza shati, inakuwa shati. Utando wake hauishi. Lakini kila asubuhi anaamka amechoka kama mtu wa shifti ya usiku, kwa sababu akilala, ile nguo inamtoa nje na kuzunguka naye mjini. Ilipopimwa ndipo ikajulikana: si kitambaa, ni kiumbe hai, na kinataka kushikamana naye milele.

Hiyo nguo naiona hapa kwetu. Maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia Kihoto, wengine walitoka na walichovaa tu. Kodi ya kwingine ilitakiwa papo hapo, na mkopo wa simu ukaja kwa dakika chache, bila mdhamini, bila maswali. Ukajiona una nguvu. Sasa unakopa huku ulipe kule, mshahara wa shamba la maua unaingia ukiwa umeshagawanywa, na usiku unabeti ukitafuta ya kufidia. Nimesomea biashara, riba ya aina hiyo naijua hesabu yake. Hapo si wewe umevaa nguo. Yenyewe imekuvaa.

Msomeni sasa Yoshua kuhani mkuu. Amesimama na nguo chafu, Shetani kando yake tayari kumshtaki, na Yoshua hasemi neno wala hafungui hata kifungo. Amri inatolewa kwa wale waliosimama mbele yake: wamvue wao. Tunahubiri kuvua utu wa kale (Wakolosai 3:9) kana kwamba ni koti la mvua. Kuna nguo mtu hawezi kuivua peke yake, hata awe ameokoka miaka kumi.

Peter pia hakuweza. Mara ya kwanza alitolewa na mwenzake, kwa mashine ya sauti. Mwaka wa 1985 ikarudi, imejigeuza kuwa ile nyekundu na buluu aliyoizoea, ikimngojea kati ya nguo zake. Mwishowe ilimwachia kwenye mnara wa kanisa, kwa mlio wa kengele. (Sijui kama mwandishi alikusudia mahubiri. Mimi nimechukua.)

Waliosimama pale, hapa Kihoto ni sisi. Ndugu akikuambia ana madeni, usiyapeleke kwa grupu ya WhatsApp ukiyaita ombi la maombi. Keti naye.

Jumatano baada ya ibada nitabaki na kalamu na karatasi. Njoo na simu yako. Tutaandika kila deni, hata lile ambalo mama watoto hajaambiwa.