Wawili Wasiosemezana

Wapendwa, kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada. Watu wawili walioanzisha kazi pamoja wakiamua kuivunja, je, wamekosa? Na kama kuvunja si kosa, basi kosa huwa liko wapi?

Leo nalijibu kwa mfano wa mbali. Mwaka 2001, huko Toronto nchini Kanada, vijana wawili walianzisha bendi ya roki iitwayo Death From Above, yaani kifo kutoka juu. Tafadhali usiache kusoma kwa sababu ya jina! Baadaye waliongeza 1979 mwishoni, baada ya mzozo na kampuni moja ya muziki ya New York iliyokuwa na jina linalokaribiana na lao.

Bendi nzima ilikuwa watu wawili tu. Jesse Keeler alipiga gitaa la besi, naye Sebastien Grainger alipiga ngoma huku akiimba. Mwanamuziki yeyote atakuambia besi na ngoma hukaa nyuma, wengine wakajenga juu yake. Hawa walijenga kwa msingi peke yake, na nyumba ikasimama. Mwaka 2004 walitoa albamu yao ya kwanza, You're a Woman, I'm a Machine. Mwaka 2005 wakawa wanafungua maonyesho ya bendi kubwa, Nine Inch Nails na Queens of the Stone Age.

Halafu mwaka 2006 Keeler akawaandikia mashabiki kwamba bendi imekwisha. Alieleza kwamba uamuzi ulikuwa umefanywa kitambo, na kwamba wote wawili walikuwa wamebadilika mno. Kama wangekutana upya wakiwa vile walivyokuwa mwishoni, alisema, pengine hawangekuwa marafiki. Albamu moja, basi.

Sasa hebu tupime. Wako watakaosema walikuwa na deni kwa mashabiki, wangevumilia tu. Mimi sikubali. Aliyenunua tiketi alilipia onyesho, na onyesho akalipata. Hakununua maisha ya mtu. Deni la mashabiki lilikuwa ni kuambiwa ukweli, na hilo ndilo lililochelewa. Watu walikaa wakingojea kitu ambacho wenyewe walijua hakipo tena.

Lakini deni kubwa zaidi lilikuwa kati yao wawili. Chuoni nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kuangalia vitabu: mauzo yakipanda, kampuni iko sawa. Ubia una kitabu kingine ambacho hakuna mkaguzi anayekifungua. Je, wenye kazi bado wanaongea? Faida ina tabia ya kuficha ufa. Ukumbi ukijaa kila usiku, nani atauliza kama wale walio jukwaani walisalimiana asubuhi? Na mkiwa wawili, hakuna wa tatu wa kuamua. Mmoja akinyamaza, nusu ya kazi imenyamaza.

Kwa hivyo sioni kosa katika kuachana. Naliona katika kile kipindi ambacho kazi inaendelea na ukweli umesimama.

Utaniuliza, si walirudiana? Ndiyo. Mwaka 2011 walipanda jukwaani tena, na 2014 wakatoa albamu ya pili, The Physical World, miaka kumi baada ya ile ya kwanza. Mmoja atasema, unaona, walipoteza wakati bure. Mwingine atasema, unaona, kuachana kulikuwa dawa. Mimi naona kwamba kuachana kwenyewe hakuui wala hakuponyi. Katika ile miaka Keeler alifanya muziki wa kompyuta katika kundi la MSTRKRFT, Grainger akaimba nyimbo zake mwenyewe. Waliporudi, kila mmoja alikuwa na pengine pa kwenda, lakini akamchagua mwenzake. Hilo ni tofauti sana na kukaa pamoja kwa sababu tiketi zimeshauzwa.

Hata Paulo na Barnaba walitengana kwa ukali kwa ajili ya Yohana Marko, na Matendo 15 haifichi jambo hilo. Walisemezana wazi, kila mmoja akashika njia na kazi yake. Miaka baadaye Paulo huyohuyo anaagiza aletewe Marko.

Mpendwa, labda una mwenzako katika duka, katika chama, katika kwaya, na pesa zinaingia vizuri tu. Usingoje hasara ndipo muongee. Wiki hii mketi bila daftari la hesabu, umuulize: ndugu yangu, bado tuko pamoja katika hii kazi? Akisema hapana, utaumia. Lakini afadhali uisikie leo kutoka kwake, mkiwa bado mnaweza kuagana kwa heri.