Jumapili ya Pili Baada ya Kuagana



Katika vitongoji vyetu vya Kinondoni na Temeke haupiti mwaka bila kusikia kwamba parokia fulani ya ndugu zetu Wakatoliki, au kanisa fulani la kwetu, wanaagana na padre wao. Barua ya Askofu imefika, amehamishwa. Au shirika lake limemwita kwingine. Jumapili hiyo kanisa hujaa, na hata wale tuliozoea kuwaona Krismasi na Pasaka tu huja mapema kutafuta viti. Kwaya zote huimba. Risala husomwa, na risala nyingine huwa ndefu kuliko mahubiri. Akina mama hutandika khanga chini ili padre apite juu yake. Mwishowe yeye husimama aseme neno la kuaga, na karibu siku zote neno lenyewe ni moja: asanteni, nisameheni, simameni imara katika imani, na ajaye mpokeeni kama mlivyonipokea mimi. Watu hulia. Kisha huliwa pilau.

Hatuna neno juu ya machozi wala juu ya pilau. Tunalotaka kuuliza mwezi huu ni habari ya Jumapili inayofuata, padre akiwa ameshaondoka na khanga zimeshafuliwa.

Yafaa tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 20, tangu mstari wa 17. Mtume Paulo alikuwa amekaa Efeso miaka mitatu. Sasa yuko safarini kwenda Yerusalemu, ana haraka, naye akiwa Mileto anatuma watu kuwaita wazee wa Kanisa la Efeso. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 50, kama kutoka Temeke na kuipita Kibaha, wala daladala hazikuwako. Walipofika aliwakumbusha jinsi alivyoishi kwao: alivyofundisha hadharani na nyumba kwa nyumba, alivyofanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, na ya kuwa hakutamani dhahabu wala nguo ya mtu. Padre anayeweza kuyasema hayo mbele ya watu waliomwona kila siku amebarikiwa.

Lakini hakuishia hapo. Aliwaambia kwamba akiisha kuondoka mbwamwitu wataingia kundini, na tena kwamba wengine watainuka miongoni mwao wenyewe. Hapa sisi walimu wa zamani hupiga mstari kwa wino mwekundu. Paulo hakusema kuwa hatari itatokana na udhaifu wa mtu atakayekuja baada yake. Aliwatazama wale wale waliokuwa wakimlilia, akawaambia wajiangalie nafsi zao kwanza, ndipo waliangalie kundi. Akawaweka mikononi mwa Mungu. Wakapiga magoti, wakalia sana, wakamsindikiza hadi chomboni. Wala hatusomi kwamba mzee hata mmoja wa Efeso alipanda chombo kumfuata. Walikuwa na kundi la kulirudia.

Mifano ya namna hii tunayo hapa kwetu. Askofu Mkuu Edgar Maranta alikuwa Mkapuchini kutoka Uswisi. Wakapuchini walifika Dar es Salaam mwaka 1921, baada ya vita kuwaondoa Wabenediktini wa Kijerumani, naye Maranta alikabidhiwa uongozi mwaka 1930. Alishika kazi hiyo miaka 38. Katika Desemba 1968, akiwa na umri wa miaka 71, aliachia kiti, akakikalia Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, Kardinali wa kwanza Mwafrika. Kanisa lao lilikuwa limeshawaomba maaskofu wajiuzulu wanapotimiza miaka 75. Maranta hakuingoja.

Mwaka ule ule wa 1968, kwetu Waanglikana, Askofu Trevor Huddleston aliondoka Masasi ili Mwafrika ashike mahali pake, na mahali hapo pakashikwa na Askofu Hilary Chisonga. Huddleston alikuwa na miaka 55, mwenye nguvu zake. Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza mwaka mmoja tu, na nchi nzima ilikuwa ikijifunza neno kujitegemea. Lingekuwa jambo la ajabu Kanisa kuimba wimbo huo huku kila kiti cha mbele kimekaliwa na mgeni, hata awe mgeni mwema namna gani.

Tena hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuaga. Hapo kabla alikuwa padre wa Sophiatown, kitongoji cha Waafrika mjini Johannesburg, kuanzia mwaka 1943. Aliwatetea watu wake serikali ya makaburu ilipoanza kuwahamisha kwa nguvu mwaka 1955. Mwaka uliofuata shirika lake likamwita arudi Uingereza, naye akatii, ingawa kazi ilikuwa haijaisha na nyumba za watu zilikuwa zikibomolewa. Kwa macho ya kibinadamu huo ulikuwa wakati mbaya kuliko wote wa kumwondoa. Lakini palikuwa na kijana mmoja aliyewahi kulazwa miezi mingi kwa kifua kikuu, na Padre Huddleston akawa anakwenda kumwangalia hospitalini. Kijana huyo alikuwa Desmond Tutu, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town mwaka 1986.

Sasa turudi kwetu. Watu wa Mbagala, Tandika na Mwananyamala wengi wametoka mbali: Masasi, Newala, Muheza, Songea, Bukoba. Amepanga chumba, mwaka kesho atahamia kwingine. Jirani hamjui vizuri, mjomba yuko kijijini. Basi padre anakuwa mzazi, mshauri, na mtu pekee mjini anayelijua jina la mtoto wake. Kwa hiyo padre huyo akihamishwa, wengine hujiona yatima kweli kweli. Tusiwacheke.

Ila tunayaona yanayofuata. Huyu anamfuata padre wake katika parokia mpya, anabadilisha magari mawili kila Jumapili, na jumuiya yake ya mtaani inakosa mtu. Yule anaacha kutoa zaka mpaka aone huyu mpya atafanyaje. Ujenzi unasimama, matofali yanaota kuvu. Na kila neno la padre mpya linapimwa kwa la yule aliyetangulia: yule alikuwa haendeshi Misa hivi, yule alikuwa anakuja msibani mapema. Mwenyewe, yule anayesifiwa, aliwaomba mbele ya wote wampokee mwenzake. Kumsifu huku tumelikataa ombi lake la mwisho ni heshima ya namna gani?

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoazimia katika miaka ya 1970 kujenga jumuiya ndogo ndogo, walitaka Kanisa liishi nyumbani kwa watu, padre awepo asiwepo. Tunaona wamefanya jambo la busara, nasi Waanglikana hatupotezi kitu tukijifunza kwao. Jumuiya inayokutana chini ya mwembe na kujua ni nani hakula jana haifungi mlango kwa sababu padre amepanda basi.

Sisi tuliokaa miaka mingi katika vyuo vya ualimu tuliwapeleka wanafunzi wetu shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi akikaa nyuma ya darasa na daftari lake, kila mwanafunzi hufundisha vizuri. Zana ziko ukutani, sauti iko juu. Tulitamani sana kujua somo la kesho yake lilikwendaje, siku ambayo kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Nao Waefeso walipata mtu mpya. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unatuambia kwamba aliachwa Efeso alitunze Kanisa. Alikuwa kijana, hata ikabidi aambiwe asikubali mtu audharau ujana wake. Na tumbo lilikuwa likimsumbua mara kwa mara. Fikirini: watu waliomzoea Paulo mwenyewe, leo wameletewa kijana mwenye tumbo bovu! Hapana shaka wako walionung'unika.

Basi parokia ikimpokea padre mpya mwaka huu, iwe ya kwetu au ya majirani zetu, wazee wasimngoje ofisini na orodha ya madeni. Wampeleke kwanza kwa wagonjwa, nyumba kwa nyumba, wamtajie majina. Padre aliyeondoka alikuwa akienda kwao kila wiki, na tangu Jumapili ile ya pilau hakuna aliyebisha hodi.