Amenilipia Ada, Je, Ana Haki Juu Yangu?



Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mgori, binti mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri nje ya kanisa. "Frateri, mchumba wangu amenilipia ada ya chuo. Sasa anataka namba ya siri ya simu yangu, na anataka tulale pamoja. Nikikataa anasema sina shukrani. Je, ana haki?"

Nilikaa kimya kidogo. Shukrani ni wajibu kweli, hilo siwezi kulikana. Lakini shukrani ikidaiwa kwa nguvu inageuka deni, na mwili wa mtu haulipi deni.

Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II, aliandika mwaka 1960 kitabu kuhusu upendo na wajibu. Hoja yake kubwa ni kwamba mtu si chombo cha kutumiwa. Anastahili kupendwa tu. Ada inalipia masomo, hainunui mwanafunzi.

Wengine watasema, "Kama mnapendana, mipaka ya nini?" Hapa kwetu tuna msitu wa Mgori. Miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka vilianza kuulinda vyenyewe, vikaweka mipaka na sheria ndogo. Hawakuweka mpaka kwa kuuchukia msitu. Waliuweka kwa sababu wanauhitaji na kesho.

Kanisa nalo linalinda mpaka huu. Kanoni ya 1057 inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Kama hata mzazi au padre hawezi kusema "ndiyo" badala yako, mchumba ataipata wapi haki hiyo? Mungu mwenyewe, katika Luka 1, alisubiri jibu la Bikira Maria.

Kaka, jiulize leo: akisema hapana, nitaendelea kumheshimu?

Dada, nawe una wajibu wa ukweli. Kama unajua hutaolewa naye, mwambie mapema, usiendelee kupokea. Na akikutishia, usibaki peke yako: mwambie mzazi, paroko, au nenda Dawati la Jinsia la polisi.

Yule binti alimwambia mchumba wake hapana. Bado hajui itakuwaje. Tumwombee, pamoja na huyo kaka.