Wingi wa Vyombo si Usalama



Mtu akiogopa jambo, la kwanza linalomjia ni kuongeza vitu. Akiogopa wezi huongeza makufuli, akiogopa njaa huongeza magunia, na akiogopa kusemwa na watu huongeza viti na mapazia. Je, kila kinachoongezwa huongeza usalama? Jawabu yake iko wazi zaidi chini ya maji, katika mafunzo ya wapiga mbizi wanaozama na mitungi ya hewa.

Mwanafunzi wa kazi hii hutamani kila akionacho dukani: visu viwili, kamera, vipimo vya kila namna, na kulabu za kuvitundikia. Akijitazama amejaa vyombo tangu kifuani hata magotini, nafsi humwambia: Sasa umekamilika. Mwalimu mwenye busara humvua kimoja kimoja akimuuliza, "Hiki wakitakia nini?" Kisichokuwa na jawabu hubaki pwani.

Sababu si ubahili. Maji ni mazito kuliko hewa kadiri ya mara 800, na kila kinachoning'inia mwilini humrudisha mtu nyuma. Basi hujikokota, akijikokota huchoka, akichoka huhema, na akihema humaliza hewa. Kwenye kina cha mita 10 kila pumzi hula hewa mara mbili ya ile iliyo juu, na kwenye mita 30 mara nne. Kwa hiyo vile alivyovichukua vimwokoe vyampunguzia uhai kidogo kidogo. Tena vyaweza kunasa kwenye nyavu na mishipi. Na khofu ikiingia, mkono hutafuta kitu kimoja tu. Ukikuta kumi, hupapasa.

Katika jimbo la Florida, Marekani, kuna mapango yaliyojaa maji, na watu wengi wamekufa humo. Mpiga mbizi mmoja mashuhuri, Sheck Exley, alichunguza vifo hivyo na kuvieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979. Makosa aliyoyakuta hasa yalikuwa matatu: watu kutofunga kamba moja isiyokatika tangu mlangoni, kutobakisha hewa ya kutosha, na kushuka kina kisichowafaa. Hakuna hata moja katika hayo linaloponyeka kwa kununua vitu vingi. Yataka kamba, kipimo, na mtu mwenye kujizuia.

Kanuni ya hewa pangoni ni hii: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya tatu haiguswi. Hiyo ya tatu ni ya nani? Ni ya mwenzako. Hewa yake ikimpotea kule mwisho wa pango, mtatoka wawili kwa mtungi wako mmoja. Basi anayejitwisha mapambo na kuhema kwa uzito wake haili mali yake peke yake. Anakula amana.

Wapiga mbizi wa huko huko walipanga pia mipira yao ya kuvutia hewa kwa namna iliyopewa jina la mwenzao, William Hogarth Main, aliyejulikana kwa kuondoa kila kisichohitajika. Mpira mmoja ni mrefu, kiasi cha mita 2, nao ndio mtu anaouvuta mwenyewe. Mwenzake akikosa hewa, humpa huo huo uliomo kinywani mwake, kwa kuwa ndio uliothibiti kuwa mzima, naye hutwaa ule wa akiba uliofungwa shingoni. Hampi kilichobaki, humpa anachokitegemea.

Pengine mtu atasema: "Kama ni hivyo, bora tuache vyombo vyote, tutegemee majaliwa." La! Kupunguza si kupuuza. Anayeingia pangoni huchukua taa tatu, maana taa zote zikizimika hakuna jua humo. Tatu hizo si nyingi, na kisu cha pili cha kujionyesha ni kingi. Kinachopimwa ni haja, si hesabu.

Wala tusisifu uchache kwa kuwa ni uchache. Wapiga mbizi wa lulu wa Bahrain na Kuwait, nchi ambazo majahazi yake yalikuwa yakija pwani yetu na kaskazi, walizama na kibano cha pua, jiwe mguuni, kikapu na kamba. Lakini wengi wao walikuwa wamefungwa na madeni, na kazi iliwadhuru masikio na macho. Hiyo ilikuwa dhiki, haikuwa khiari yao. La kujifunza kwao ni ile kamba: juu jahazini alikuwako mtu aliyeishika, kazi yake kumsikiza aliye chini na kumvuta.

Ndugu yangu, sisi wengine hatutazama na mtungi mgongoni, lakini nyumba zetu zina mizigo yake. Harusi hufanywa kwa deni ili watu waone, kisha karo ya mtoto ikakosekana, au jirani akaja na shida akatukuta hatuna. Basi kabla ya kuongeza kitu, tujiulize kama yule mwalimu: Hiki wakitakia nini? Na tuongeze swali la pili: Nikikichukua, ni nani atakayepungukiwa na pumzi?