Usimwambie Kukhu

Unaweza kumheshimu mtu huku unamficha?

Mwaka jana nilikuwa Bungoma kwa Kukhu, nyanya yangu. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa na minyoo, tumeiona chooni. Kukhu akachuma majani ya ule mti mchungu ambao Wajaluo huuita olusia na Waganda mululuza, akayachemsha. Mimi ni mtoto wa Kitale mjini. Nilikuwa nimenunua albendazole, kidonge kama kile wanachopewa watoto shuleni. Nikampa nyuma ya nyumba. "Usimwambie Kukhu." Jioni akanywa na majani pia.

Mtoto akapona. Kukhu akashukuru mti wake. Mimi nikanyamaza, nikajiona nina adabu. Si mzee habishiwi?

Baadaye nikasoma kisa cha mti huohuo. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Tanzania, Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe, na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa, Chausiku, akitafuna kiini cha matawi yake. Kesho yake alikuwa na nafuu. Seifu alieleza kwamba hiyo ni dawa ya tumbo hata kwao. Mwaka 1989 kisa kilichapishwa, jina lake likiwa pale pamoja na la Huffman. Miaka miwili baadaye wakampata sokwe mwingine mgonjwa, akatafuna vilevile. Mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake yakashuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu, ndani ya siku moja.

Kilichonigusa ni kwamba watu walihesabu. Neno la mzee lilichukuliwa kwa uzito hata likapimwa. Mimi nililisifu mezani, nikalidharau nyuma ya nyumba. Na hatari ilikuwepo: mtoto alikunywa dawa mbili, na mtu aliyechemsha moja hakujua habari ya nyingine.

Desemba nilipanda matatu, nikapita Kiminini na Webuye, nikaenda kukiri. Nilitarajia kugombezwa. Kukhu alikaa kimya, kisha akaniuliza:

"Sasa mimi nitajuaje kama majani yangu yalifanya kazi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe yeye ndiye alitaka kupima. Mimi ndiye nilitaka tu kuamini: kidonge changu, na adabu yangu.