Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wazee wetu walipoiacha methali hii, walikuwa wanatufundisha adabu ya kumtazama mtu aliyeumia. Kovu ni habari ya ngozi tu. Ya ndani yana muda wake. Na hakuna mahali methali hii inaposimama wima kama kwa kijana aliyeumia kichwa.

Tuseme ni mvulana wa miaka 16, wa kidato cha tatu, aliyepanda bodaboda bila kofia ngumu, akaanguka. Kafikishwa hospitali hajitambui. Fuvu ni mfupa usiotanuka: ubongo ukivimba au damu ikivujia ndani, hakuna nafasi ya kupumulia. Ndiyo maana madaktari, kama wale wa taasisi ya MOI katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wakati mwingine hulazimika kulifungua ili kuondoa mgandamizo. Siku hizo ukoo mzima uko hospitalini. Huyu kaja na chupa ya uji, yule kaleta michango, mwingine anakesha akiomba dua. Kijana akifumbua macho, vigelegele. Akiruhusiwa, nyumba haina pa kukaa. Baada ya miezi michache nyuzi zimetolewa, nywele zimefunika kovu, na wageni wamekwisha. Hapo ndipo kuuguza kunapoanza.

Sasa kijana anatembea na anacheka, lakini akitumwa dukani vitu vitatu anarudi na kimoja. Anafoka kwa neno dogo. Saa nne asubuhi amechoka kama aliyelima shamba zima. Nyumbani watu wanaanza kunong'ona: mmoja anasema kiburi, mwingine uvivu, wa tatu anasema mtoto kachezewa. Ukweli ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupanga, kukumbuka cha kufanya na kuzuia hasira, hukomaa mwisho, mtu akiwa tayari ana miaka ishirini na kitu. Kijana wa miaka 16 kaumia kabla ujenzi haujakamilika, na upungufu mwingine huweza kujitokeza baadaye, masomo na maisha vinapomdai zaidi. Kifafa nacho huweza kuja miezi au hata miaka baada ya ajali. Kikija, kijana arudishwe hospitali, asifichwe ndani. Anayemchapa au kumsimanga mtoto huyu anaadhibu jeraha.

Tena tujifunze kupima vidogo. Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskochi, walitoa kipimo kinachotumiwa mpaka leo duniani kote kumpima aliyeumia kichwa. Huangalia mambo matatu tu: anafumbuaje macho, anajibuje, anasogezaje mwili. Alama za chini kabisa ni 3, za juu ni 15. Mabingwa wenyewe, katika saa ngumu kuliko zote, hawakuona haya kuhesabu alama moja moja. Kwa nini sisi nyumbani tunataka mtoto aamke siku moja amekuwa yule wa zamani?

Mara nyingi maendeleo makubwa huonekana katika miezi ya mwanzo, kisha mwendo hupungua, na hapo jamaa wengi hukata tamaa. Lakini kupungua mwendo si kusimama. Sehemu za ubongo zilizo salama huweza kujifunza kusaidia kazi ya zilizoumia, na hujifunza kwa kurudia. Mtaalamu wa mazoezi humwona kijana mara chache; siku zilizobaki ni za nyumbani, na nyumba zetu zimejaa mazoezi. Vidole vilivyolegea vichambue mchele. Aliyesahau kuhesabu akague chenji. Babu amkalishe kwenye bao, amwachie muda wa kufikiri, maana kete 64 zinadai hesabu, kumbukumbu na subira kwa pamoja. Kinachosahaulika kiandikwe kwenye daftari. Akirudi shule, aanze na nusu siku, na akirudia darasa isiwe aibu.

Lakini mapenzi nayo yana mtego. Tumezoea kusema mgonjwa haulizwi uji, na siku za kitandani msemo huo ni sheria. Akianza kupata nguvu, lazima aulizwe. Avae shati gani? Aanze na kazi ipi? Mama anayemfungia vifungo kila asubuhi kwa sababu kijana anachelewa, kwa huruma yake anamnyang'anya zoezi. Wamwache ahangaike kidogo, wamsogelee anapokwama.

Na tusimlilie mbele yake yule aliyekuwa. Kijana anajua kuwa alikuwa wa kwanza darasani. Hana haja ya kukumbushwa kila chakula cha jioni. Huyu aliyepo ndiye mwana wetu, si kivuli kinachotunza nafasi ya mwingine.

Mwisho nina neno kwa ukoo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi. Katika nyumba nyingi mzigo huu umeachiwa mama peke yake. Analala nusu usingizi, biashara yake imekufa, kisha anapigiwa simu kuambiwa awe na subira. Subira ya kuagizwa kwa simu haimsaidii. Mjomba achukue siku ya kliniki. Shangazi aje Jumamosi ili mama alale. Binamu asimamie daftari na masomo. Aliye mbali alipe nauli na dawa bila kusubiri kuombwa. Yale mapenzi yaliyojaza wodi kwa wiki mbili yagawanywe yatoshe miaka. Basi ukikutana na mama wa kijana kama huyu, usimuulize kama mtoto amepona. Muulize zamu yako ni lini.