Fidia ya Mguu si Mshahara

Mwaka 2024, askari wa zamani wa Marekani aliyepimwa ulemavu wa asilimia 100, asiye na mke wala mtoto, alilipwa na serikali zaidi kidogo ya dola 3,700 kwa mwezi. Fedha hizo hazikatwi kodi ya mapato. Lakini alipoomba nyumba ya ruzuku huku akilala barabarani, zilihesabiwa kuwa kipato. Huko Los Angeles, baadhi ya majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watu kama yeye yaliwekewa kikomo cha asilimia 30 ya kipato cha kati cha eneo, naye alikuwa amekivuka. Aliyeumia kidogo akapokelewa, aliyeumia sana akabaki nje. Mtu akilipwa kwa kiungo alichopoteza, je, amepata au amerudishiwa? Naamini amerudishiwa, tena nusunusu. Katika fiqhi ya Kiislamu, mkono mmoja una nusu ya diya (fidia ya damu) ya nafsi, uwe wa tajiri au wa hohehahe. Nao marabi wa Kiyahudi, katika sura ya nane ya kitabu chao cha sheria kiitwacho Bava Kamma, wanamdai aliyejeruhi mambo matano: dhara lenyewe, maumivu, matibabu, kazi iliyokosekana na aibu. La nne tu ndilo linalofanana na mshahara.

Wapo watakaosema kwamba sheria ya Marekani yenyewe inapima ulemavu kwa wastani wa uwezo wa kuchuma uliopotea, kwa hiyo fidia ni mbadala wa ujira. Hoja hii ni nzito, ila haifiki mwisho. Wastani haumtazami mtu mmojammoja: kwa kawaida mlemavu akipata kazi nzuri fidia yake haikatwi, na aliyepoteza mguu au jicho huongezewa malipo bila kuulizwa anachuma kiasi gani. Pingamizi linaloniuma zaidi ni la mfagizi mwenye kipato kilekile anayekataliwa nyumba. Lakini hati za ruzuku ya pango za mpango wa serikali ya Marekani uitwao HUD-VASH zimetengwa kwa askari wa zamani wasio na makazi, kwa hiyo kumfungia mlango mlemavu hakumpi mfagizi hata chumba. Agosti 2024 wizara ya nyumba ya Marekani iliamua kwamba, katika mpango huo, fidia ya ulemavu isihesabiwe wakati wa kupima nani anastahili. Katika kukokotoa pango bado inahesabiwa, na kwa kawaida mpangaji hutoa kama asilimia 30 ya kipato chake. Hapo sioni dhuluma kubwa, kwa sababu anayeweza kuchangia amekwisha kuingia ndani.